Mtoto Aishi au Asiishi

Walikuja wakiimba, na hilo ndilo Sandrine alishindwa kuwasamehe kwa muda mrefu, ingawa hawakuwa na kosa lolote. Wanawake wenzake wa chumba cha kufungia sabuni kiwandani waliteremka kutoka barabara kubwa siku ya Jumapili baada ya misa, kila mmoja na kitenge chake cha sikukuu. Mama Hélène alitangulia na kopo la poda mkononi. Joëlle alifuata nyuma, katoni ya sabuni kichwani, na tumbo lake la mimba mbele. Kisangani mtu akijifungua, wenzake wa kazini hawaji mikono mitupu wala midomo mitupu. Huja na sabuni, na maziwa ya kopo, na vinguo vidogo, na hiyo poda ya kunyunyiziana shingoni mpaka kila mtu aonekane ametoka kusaga unga.

Mama Berthe, mama mkwe wa Sandrine, alikuwa ameketi mlangoni akichambua pondu, majani ya muhogo. Hakusimama. Wimbo ulipoingia uani aliinua mkono mmoja, wimbo ukakatika.

"Hapa hapana mutoto," alisema. "Murudie tu."

Mama Hélène alibaki ameshika kopo lake. "Mama, namna gani? Siye batu ya kazi ya Sandrine. Balituambia balimupasua, akazala..."

"Ile neno haisemwi mu hii nyumba. Murudie, bamama. Mungu abasaidie."

Nyuma ya pazia, Sandrine alisikia yote. Alikuwa amelala chali, kwa sababu kidonda cha tumbo kilikuwa bado hakimruhusu kulala ubavu. Ule wimbo wa kumkaribisha mtoto ulipopenya dirishani, maziwa yalianza kumwagika yenyewe, blauzi ikalowa mpaka kiunoni. Alijifunika khanga haraka kama mtu aliyefumaniwa. Huko nje akasikia katoni ikitua chini taratibu, kisha nyayo zikiondoka.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameshikwa na uchungu, uchungu ukakataa kwisha, madaktari wakampasua. Alipozinduka, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mtoto hakulia. Na ukoo wa Mama Berthe, watu wa njia ya Banalia, walikuwa na desturi yao kwa mtoto asiyelia: hawekewi matanga, hapewi jina, mama yake haonyeshwi, haambiwi kama alikuwa wa kiume au wa kike, wala haambiwi amezikwa wapi. Mama akimlilia mtoto wa namna hiyo, wanasema, anawafungia mlango wale wanaokuja nyuma yake. Basi Eddy, mume wa Sandrine, alikipakia kile kisanduku kidogo kwenye pikipiki yake ya teksi, mama yake akapanda nyuma, wakaenda shamba la ukoo. Alirudi na viatu vyenye matope, akavioshea nje.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wanasema hivyo, halafu wanamwambia mzazi anyamaze.

"Ulimuweka wapi?" Sandrine alimuuliza mumewe mara moja tu.

"Mama alisema nisikuambie."

Eddy hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mjane, na watoto wa kwanza wa wajane huzeeka hawajawahi kumkatalia mama yao jambo. Sandrine alimjua. Alijua pia kwamba ukimpa muda, Eddy hulegea. Kwa hiyo alijipa moyo: alikuwa na likizo ya uzazi ya wiki nane, na wiki zilikuwa bado nyingi. Kidonda kitafunga, Eddy atalegea, watapanda pikipiki siku moja bila kumuaga mtu, naye atakaa chini kwenye ule udongo na kulia mara moja, kulia kweli, kabla maziwa hayajamwishia. Hakutaka kingine. Zile wiki ndizo zilizokuwa mali yake yote duniani.

Jumatatu, kiwandani, wanawake wakazungumza. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na majonzi, na majonzi ya watu wengi hayakai chumba kimoja. Maneno yakapanda ngazi mpaka ofisi ya Chef Hugues, mkuu wa wafanyakazi. Na huyo naye, ili tusimwonee, hakuwa shetani. Mvua ikinyesha aliwabeba wafanyakazi kwenye gari lake. Alisali. Alimpigia Sandrine simu yeye mwenyewe, sauti imejaa huruma.

"Sandrine, pole sana. Mungu alitoa, Mungu alitwaa. Bon. Nakungojea lundi, Jumatatu ijayo. Congé de maternité iko ya kulea mutoto, si unaelewa? Na mutoto haiko. Alors, utabaki nyumbani juu ya nani?"

Utabaki nyumbani kwa ajili ya nani? Swali lilionekana la haki kabisa. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa kosa la wote. Mama Berthe alifurahi, akasema kazi itamsahaulisha. Eddy akatazama chini. Hata Mama Hélène, mjumbe wa wafanyakazi, ambaye alikuwa amegombana na wakubwa watatu wa kiwanda kile mpaka mmoja akahama mji, alitikisa kichwa akasema, "Ni vile, mwanangu. Congé inafuata mutoto." Watu wazima wote hao, wenye akili zao, waliona kwamba mwanamke aliyepasuliwa tumbo akatoka mikono mitupu hakuwa na cha kumweka kitandani.

Akarudi kazini. Sabuni zilikuwa zikija zimekatwa, bado zina joto na harufu ya mawese. Unazifunga mbilimbili, unazipanga katoni, unainua katoni. Kila alipoinua, kidonda kilivuta. Alijaza vitambaa kifuani, lakini mchana vilikuwa vimelowa na kuanza kunuka, na hapo aliomba ruhusa akaenda chooni, akainama, akakamua maziwa kwenye tundu la choo. Yalikuwa mengi. Alikuwa akimwaga chakula cha mtu, kila siku, huku akisikia mashine zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Kisha alijipangusa, akarudi kufunga sabuni.

Hakuna aliyemtajia mtoto. Wenzake walikuwa wamekatazwa na Mama Berthe, wakatii kwa upendo, na upendo ule ulimuumiza kuliko matusi. Joëlle, aliyefanya kazi pembeni yake, alikuwa akijifunga kitenge juu juu ili tumbo lake lisionekane, akigeuka upande kila alipompokeza sabuni. Siku moja mtoto wa Joëlle alirusha teke, Joëlle akashtuka akashika tumbo, kisha akaondoa mkono upesi kama aliyeiba.

"Acha tu," Sandrine alimwambia. "Shika."

"Yaya, dada yangu, unisamehe."

"Shika, nasema."

Na Joëlle akashika tumbo lake huku akilia, Sandrine akiendelea kufunga sabuni.

Wiki ya tatu baada ya kurudi, aliinua katoni akahisi kitu cha moto kikiteremka. Alipotazama, kitenge kilikuwa kimelowa damu. Mama Hélène alimbeba kwa pikipiki mpaka zahanati, wakamshona pale palipoachia, wakamwambia apumzike siku mbili. Mama Hélène akatoka pale na hasira zake za zamani zimemrudia. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya mkaguzi wa kazi. Lakini sikiliza: hakwenda kwa ajili ya Sandrine. Kwa Sandrine alijua hakuna haki ya kudai. Alikwenda kwa ajili ya Joëlle, kuuliza kama mwanamke mwenye mimba anaruhusiwa kuinua katoni, asije naye akamwaga damu.

Mkaguzi, Papa Dominique, mzee mpole mwenye miwani, alimjibu kwamba hapana, mwenye mimba hapewi mizigo ya namna hiyo, na kama mwajiri anabisha aje abishe kwake. Mama Hélène akashukuru, akasimama, na katika kuaga akasema kwamba damu ameiona leo hii kwa mwingine, yule maskini aliyepasuliwa, mtoto akafa, akarudishwa kazini.

Papa Dominique akavua miwani. "Alirudishwa na nani?"

"Na chef. Si mutoto alikufa?"

"Mama, kaa." Alimngoja akae. "Code du travail, sheria ya kazi, inasema wazi: que l'enfant vive ou non. Mutoto aishi ao asiishi. Mwanamuke akizala, ile congé iko yake. Hawapatie mutoto. Banapatia mama."

Mama Hélène alikuwa mjumbe wa wafanyakazi miaka yote hiyo, naye ndiye aliyemwambia yule binti "ni vile".

Jioni ile alikwenda kwa Sandrine, akamvuta nyuma ya nyumba, akamweleza, akiomba msamaha kila baada ya sentensi mbili. Sandrine hakuusikia msamaha. Alikuwa amebaki kwenye neno moja.

"Rudilia."

"Mutoto aishi ao asiishi."

"Baliandika vile? Mu sheria?"

"Baliandika."

"Donc balimufikiria," alisema Sandrine. "Batu ya sheria balimufikiria mutoto wangu."

Mtu mmoja, mahali fulani, ambaye hakumjua, aliketi akamkumbuka mtoto ambaye nyumbani kwake mwenyewe ni mwiko kumtaja. Sandrine alilia pale nyuma ya jiko kwa mara ya kwanza, mdomo umezibwa na kitenge cha Mama Hélène ili Mama Berthe asisikie.

Lakini Mama Berthe alisikia; nyumba za kule hazina kuta za kuficha kilio. Barua ya wito ya mkaguzi ilipofika, alimwita mkwewe na mwanawe, akawaketisha mbele yake.

"Ukienda kusema ile neno mbele ya Leta, mbele ya serikali, tumbo yako itafungwa," alimwambia Sandrine. Hakuwa anatisha, alikuwa anaogopa, macho yake yalijaa machozi. "Mi nilipoteza babili vile, ya kwanza na ya pili. Balinikataza kulia, sikulia. Njo nikamupata Eddy. Unafikiri mi sikuwa na roho?"

Sandrine alimtazama. Hakuwahi kuambiwa. Akataka kumshika mkono yule mama, na kwa dakika ile karibu akubali. Kisha akakumbuka tundu la choo.

"Mama, nitaenda," alisema.

Mama Berthe akamgeukia mwanawe. "Enda naye. Akianza kusema, umunyamazishe. Weye njo bwana."

Eddy akaitika, "Ndiyo, mama." Kama kawaida yake.

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa na benchi moja, wakakaa wote juu yake: Sandrine na Eddy, Mama Hélène, na Chef Hugues aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Chef Hugues ndiye aliyeanza, kwa upole.

"Monsieur l'inspecteur, siye hatukumufukuza. Tulimurudisha kazini juu ya kumusaidia, asibaki peke na mawazo. Na tena, nisamehewe, mais kuko naissance gani, nani alizaliwa? Hakuna acte, karatasi ya kuzaliwa, hakuna jina, hata familia yenyewe balisema hapana mutoto. Balibaambia batu yetu vile, mulangoni."

Na hilo lilikuwa kweli. Mama Hélène akainamisha kichwa.

"Mama Sandrine," alisema Papa Dominique, "mi nataka kusikia weye. Ulizala?"

Sandrine alimtazama Eddy. Eddy alikuwa akitazama mikono yake. Mdomo wake ukafunguka kidogo, Sandrine akajua sasa ndipo atakaponyamazishwa. Akawahi.

"Nilizala."

"Bon." Mkaguzi akaandika. "Mwanaume ao mwanamuke?"

Lilikuwa swali jepesi, la kujaza karatasi. Miezi tisa Sandrine alimbeba mtoto huyu, akamzungumzisha jikoni, akajua saa anazolala na saa anazocheza, na sasa anaulizwa kitu ambacho hata mpita njia huuliza, hakijui.

"Sijue," alisema.

"Namna gani hujue?"

"Hawakuniambia."

Chef Hugues akafungua mikono yake miwili. "Munaona? Mi sitaki kumuhukumu. Mais mama gani hajue mutoto yake?"

Mama Hélène alitaka kusema, Papa Dominique akamzuia kwa kidole. Ndipo benchi likatikisika: Eddy alikuwa amesimama.

"Mwanamuke," alisema.

Wote wakamtazama. Alikuwa akilia bila kujifuta, mtu mzima, dereva wa pikipiki, kofia yake ngumu imeshikwa kifuani.

"Iko mwanamuke. Mi njo nilimubeba. Alikuwa na nywele mingi, na hapa..." akagusa kidevu chake, akamgeukia mkewe. "Alikuwa na hii yako. Ile kashimo."

Sandrine aligusa kishimo cha kidevu chake mwenyewe. "Mwanamuke," alirudia, polepole, kama mtu anayejifunza lugha. Alipata binti ofisini kwa serikali, mbele ya mkuu wake wa kazi, wiki sita baada ya kumpoteza. Sijui kama kuna mama mwingine aliyepewa mwanawe namna hiyo, na Mungu asimpe mwingine.

Chef Hugues hakubisha tena. Alikubali yote aliyoambiwa, hata akaushika mkono wa Eddy kwa mikono yake miwili. Siku za likizo zilizobaki ni za Sandrine, mshahara utarekebishwa, kazi yake haiguswi, na Joëlle asionekane tena chini ya katoni. Kwenye ngazi Mama Hélène alipiga kigelegele kidogo, kisha akajizuia. Sheria ilikuwa imeshinda. Lakini siku zilizobaki zilikuwa chini ya wiki mbili, na zile nyingine, alizozitumia kufunga sabuni, hakuna mkaguzi awezaye kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi ya kwanza ya likizo yake alikaa ukingoni mwa kitanda, akajikamua. Hakikutoka kitu. Akajaribu titi la pili, akaminya mpaka likamuuma. Yalikuwa yamekauka. Yalikuwa yakipungua tangu siku alipotoka damu, alijua, ila alikuwa amejidanganya kwamba yatamngoja. Akajifunga kitenge, akatoka nje.

Eddy alikuwa amekwisha washa pikipiki. Mama Berthe alikuwa mlangoni, akawatazama wote wawili. Kisha akageuka akaingia ndani, pazia likaanguka nyuma yake.

"Panda," alisema Eddy.

Walishika njia ya Banalia, wakapishana na watu waliosukuma baiskeli zilizojaa makaa na ndizi, wakitoka mashambani kuingia mjini. Sandrine alimshika mumewe kiuno, akaweka shavu mgongoni mwake. Hakuwa na furaha, hapana, lakini alikuwa na mahali pa kwenda. Alikuwa amechagua la kumwambia binti yake, na jina alikuwa nalo, hakumwambia hata Eddy. Alitaka mtoto mwenyewe awe wa kwanza kulisikia.

Waliacha pikipiki kando ya barabara, wakaingia kwa miguu. Eddy alitangulia. Walipofika alisimama ghafla, Sandrine akamgonga mgongoni.

Shamba lote lilikuwa limelimwa. Kutoka barabarani mpaka msituni udongo ulikuwa umegeuzwa, mwekundu, mbichi, na vijiti vya muhogo vimechomekwa kila mahali kwa mistari. Hakukuwa na nyasi, hakukuwa na kichaka, hakukuwa na kisiki. Kilichokatwa kilikuwa kimechomwa, majivu yakafukiwa.

"Iko wapi?" aliuliza Sandrine.

Eddy akaenda hatua chache, akasimama. "Kulikuwa muti hapa. Kidogo tu, muti ya mapera. Nilimuweka chini yake." Akarudi, akaenda upande wa pili. "Hapa. Ngoja... hapana. Nazani ni kule."

"Eddy."

"Mama alimupatia Israël alime. Mi sikujua kama ameisha kuanza. Hatukuweka alama. Balikataza kuweka alama." Alikuwa akizunguka sasa, mikono kichwani. "Udongo yote iko sawasawa, Sandrine. Yote iko sawasawa!"

"Kama ningekuja zile wiki za kwanza," alisema Sandrine, "kabla banirudishe kazini. Ungeona?"

Eddy hakujua kudanganya, ndiyo maana alimpenda.

"Ningeona," alisema Eddy. "Udongo ya kaburi ilikuwa ingali juu."

Kutoka upande wa msitu mtu alinyoosha mgongo, jembe mkononi. Ni Israël, binamu yake Eddy, kijana mchapakazi, asiyejua lolote. Aliwatambua, akacheka kwa furaha, akapunga mkono.

"Karibuni!" alipaza sauti. "Mais shemeji, angalia mahali unakanyaga! Nimeisha kupanda yote!"

Sandrine alivua viatu. Aliinua mguu mmoja, akautazama ule udongo mbele yake, na kushoto, na kulia, jina likiwa bado mdomoni. Hakujua auweke wapi.